Kiingereza cha maneno adimu: mimi nilianza na samaki

Wakati naongoza wageni hapa Tanga, siku moja tukiwa mashuani kuelekea kisiwa cha Toten, mama mmoja wa Kizungu aliniuliza habari za yule samaki wa kale anayenaswa huku kwetu. Samaki nilimjua. Wavuvi humkuta kwenye nyavu za jarife, tunamwita silikanti, na tangu 2009 ana hifadhi yake ya bahari. Hata Kiingereza chake nilishakisoma kwenye bango: "coelacanth". Nikavuta pumzi, nikalitamka kama nilivyoliona: ko-e-la-kanthi. Mama akanitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtoto aliyevaa kiatu cha kushoto mguu wa kulia. Nikachora mapezi hewani kwa mikono mpaka akaelewa. "Aa, siilakanth!" Kumbe silikanti ya wavuvi ilikuwa karibu na matamshi kuliko Kiingereza changu cha kusoma.

Kabla ya hapo nilikuwa na ule ugonjwa wa wengi, kukariri kamusi. Maneno ishirini kwa siku, kuanzia A. Nilifika C nikachoka, na leo sikumbuki hata manne. Yalikuwa waja leo waondoka leo, kama tunavyosema Tanga.

Baada ya aibu ile nikanunua kaunta buku, nikajiwekea sharti: siandiki neno geni ila la kitu ninachoweza kukishika au kukiona kabla jua halijazama. Mkonge ndio ulionifungulia. Majani yakiingia kwenye mashine ya korona, nyama inasagwa, zinabaki nyuzi. Kazi hiyo kwa Kiingereza ni "decorticate". Neno la kutisha, lakini ndani yake mna "cortex", Kilatini cha gamba la mti, na "de" ya kuondoa. Ukiushika mzizi huo, siku daktari akitaja "cortex" ya ubongo unajua anasema tabaka la nje. Wala si elimu ngeni kwetu: anayejua pika hahitaji kufundishwa mpishi, mapishi na upishi kila moja kwa siku yake.

Upepo nao una lake. "Monsoon" limetokana na "mawsim" ya Kiarabu, likapitia kwa Wareno hadi Uingereza. Sisi tulichota kisima kilekile tukapata msimu. Nilipogundua hivyo nilicheka peke yangu. Neno nililoliogopa shuleni kumbe ni binamu.

Kwenye mapango ya Amboni nilikuwa nikichanganya majina ya mawe ya pangoni, "stalactite" na "stalagmite", mbele ya wageni wanaolipa. Nikajitungia: C ni chozi, linaning'inia juu; G ni gunzi, limesimama chini. Sijakosea tena.

Sasa hatari yenyewe. Neno adimu lina tabia, na tabia yake huioni kwenye maana peke yake. Kwenye kamusi ya zamani niliyoinunua kwa muuza vitabu vya mitumba nilikuta "egregious", maana yake mtu au jambo bora lililojitenga na mengine. Asili yake ni Kilatini, aliyetoka nje ya kundi la kondoo. Nikalipenda. Nikamwandikia meneja wa hoteli moja kumshukuru kwa "egregious hospitality" waliyowapa wageni wangu. Akapiga simu palepale, sauti imembadilika, anauliza wageni wamefanyiwa nini. Ule uzuri wa zamani ulikwishakufa; siku hizi neno hilo ni la ubaya uliopindukia.

Nilimsimulia mzee mmoja pale kwenye kahawa, Ngamiani. Akaweka kikombe chini. "Mwanangu, wewe unaweza kumsifu imamu kwamba ni mswalihina aliyekubuhu?" Hapo ndipo liliponiingia. Mlevi hukubuhu, mwizi hukubuhu, imamu abadani.

Kwa hiyo siku hizi kila neno naliandika na jamaa zake. Siandiki "egregious" tupu, naandika "egregious error", na chini yake sentensi mbili tatu nilizozikuta kwenye maandishi ya karibuni, si ya enzi za babu. Nabonyeza kispika cha kamusi ya simu, nasikiliza, natamka kwa sauti (watoto wa nyumbani wameshazoea). Maneno ni matatu tu kwa wiki. Nayarudia kesho yake, baada ya siku tatu, baada ya wiki, kisha mwezi. Na kwenye barua ya kuomba kazi siyapeleki kabisa. "Use" haijawahi kumnyima mtu kazi, achana na "utilize".

La wiki hii nililipata Deep Sea, sokoni kwa samaki. Mvuvi alikuwa akipima mshipi kwa kutanua mikono yote miwili, pima moja, pima mbili. Kiingereza cha pima ni "fathom", futi sita, na asili yake ni hiyohiyo mikono iliyokunjuliwa. Kama kitenzi lina maana ya kufika kina cha jambo, kulielewa hadi chini, ila mara nyingi utalikuta kwenye kukanusha. Kwa hiyo kwenye kaunta buku nimeliandika na mwenzake, "can't fathom", na pembeni nimemchora yule mvuvi mikono ikiwa wazi.