Jini na tango: maswali yenu

Nataka kutengeneza kinywaji cha jini na tango nyumbani, lakini sina kile chombo cha kutikisia cha baa. (Msomaji, Tabata)

Chupa ya jamu yenye mfuniko inatosha. Kata vipande vinne vinene vya tango, vitie humo, uviponde kwa mpini wa mwiko mpaka vitoe maji. Ongeza jini mililita 50, maji ya ndimu 20 na shira 15. Shira iwe nyepesi kuliko ya kaimati: sukari na maji sawa kwa sawa, ichemke, ipoe. Jaza barafu, funga, tikisa mpaka chupa ikuume vidole kwa baridi. Chuja kwa kichujio cha chai kwenye glasi yenye barafu mpya, kisha ongezea maji ya soda. Hayo ya soda usiyatikise! Mimi niliyatikisa, na pazia la jikoni mpaka leo linanishuhudia.

Changu kilikuwa kichungu. Ni jini mbaya? (Msomaji, Arusha)

Jini wa chupani unamsingizia bure. Mshitaki tango. Uchungu wake hukaa zaidi upande wa kikonyo na kwenye ganda, hasa likikosa maji shambani. Kata ncha hiyo, menya, onja kipande kabla ya kuponda. Likiwa chungu tafuta lingine, maana sukari haitalificha. Au labda ulitia toniki badala ya maji ya soda? Basi huo ni uchungu wa kwinini, ile ile ya dawa ya malaria, ila kwenye toniki ni kidogo mno na haitibu kitu. Na kama ulitia mnanaa ukautwanga kama kisamvu, nao huchangia. Majani yapige kofi moja tu viganjani, harufu itoke, uyatupie juu.

Naweza kutumia Konyagi? (Msomaji, Morogoro)

Unaweza. Ila harufu ya jini inayofanana na msonobari hutokana na matunda ya mreteni, kwa hiyo usitegemee ladha ile ile. Kwaruza ganda la ndimu kidogo utie humo. Ukipata Uganda Waragi utakuwa karibu zaidi, hiyo ni jini hasa.

Na sisi tusiokunywa pombe? (Msomaji, Tanga)

Toa jini, weka tangawizi mbichi iliyopondwa na chembe ya chumvi. Siku ya joto mimi mwenyewe naipenda hii zaidi.

Mume wangu anasema hii ni juisi tu. Hunywa glasi tatu halafu anataka kuendesha gari. (Msomaji, Kinondoni)

Mpigie hesabu. Mililita 50 za jini ya asilimia 40 zina mililita 20 za pombe tupu. Bia ya nusu lita yenye asilimia 4 ina kiasi hicho hicho. Amekunywa bia tatu, tena kwa muda wa kumaliza moja, kwa sababu tango na baridi vimemficha ukali. Funguo kaa nazo wewe.