Mchawi Asiyesubiri Kaskazi

Barua za wiki hii karibu zote ni za riwaya za vijana: za maajabu na za kisayansi. Navisoma vitabu hivyo, na umri wangu huu, kwa hiyo sina pa kukimbilia.

Binti yangu wa miaka 13 anasoma kitabu cha wachawi. Nimnyang'anye? (Mama, Chake Chake)

La, bi mkubwa. Sisi tulilazwa kwa hadithi za majini na mazimwi, na hatukuwa waganga. Angalia kama uchawi wa kitabuni una gharama. Katika *A Wizard of Earthsea* cha Ursula Le Guin (1968), kijana Ged anataka kumkoga mwenzake, anaita roho ya maiti, na kivuli kinachotoka nayo kinamrarua uso. Kovu halimtoki. Mtoto akisoma hapo, mawaidha yangu na yako yote hayaoni ndani.

Nianze na kipi? (Mwanafunzi, Michenzani)

Hicho hicho. Dunia yake ni visiwa vitupu, watu wanasafiri kwa mashua, na mchawi bingwa huita upepo ukajaza tanga. Ila wakubwa hawafanyi ovyo: mvua ukiivuta kisiwa hiki, huenda kingine ukakitia ukame. Jirani yangu mzee, nahodha mstaafu, nilimtafsiria kurasa mbili barazani. Akauliza, "Huyo hasubiri kaskazi?" Nikasema hasubiri. "Mvivu," akasema, akarudi kwenye kahawa yake.

Kwa nini kila msichana lazima apendwe na wavulana wawili? (Dada, Mkunazini)

Kwa sababu iliuzika, wakaigana. Hata *The Hunger Games* cha Suzanne Collins (2008) kina hao wawili, lakini mle mapenzi ni silaha. Watoto 24 wanatiwa uwanjani wauane huku nchi nzima inatazama, na anayependwa na watazamaji ndiye anayeletewa chakula na dawa. Vingi vilivyofuata vilichukua wavulana wakaiacha njaa. Mimi huziruka kurasa zao, nisamehewe.

Kuna cha msichana wa Kiafrika angani? (Bububu)

*Binti* cha Nnedi Okorafor, 2015. Kwa jina nilidhani nitakutana na mtu wa Makunduchi. Kumbe Mhimba, watu wa Namibia hao, bingwa wa hesabu, anayetoroka kwao usiku kwenda chuo kikuu cha sayari nyingine. Chombo chenyewe ni kiumbe hai, jamaa ya kamba wa baharini. Na katika safari yote hiyo hauachi udongo mwekundu anaojipaka, udongo wa kwao. Kitabu ni kifupi, utakimaliza kabla boti haijafika Mkoani.

Na cha Kiswahili? (yule yule)

*Kusadikika* cha Shaaban Robert, 1951. Nchi nzima inaelea angani. Lugha nzito, vumilia.

Nataka kuandika changu, lakini Pemba hakuna maajabu. (Kijana, Wete)

Mwanangu, unakaa Pemba unaniambia hivyo? Kisiwa cha Misali kiko mbele yako. Wazee wanasimulia kuwa Nabii Khidhri aliomba msala, msala haukupatikana, akasema basi kisiwa ndicho kitakuwa msala wake. Mtie mvuvi anayelala pale, aamke usiku asikie mchanga unajinyoosha chini ya mbavu zake kuelekea kibla. Usieleze kwa nini. Sura ya kwanza ikiwa tayari nipe niisome, hata ikiwa na makosa ya tahajia.