Sindano za seli kwa mtoto mwenye Duchenne

Dada, umeuliza kama uuze kiwanja ili mwanao wa miaka 9 mwenye Duchenne, ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha misuli, akachomwe sindano za seli nje ya nchi. Pole sana. Nafanya fiziotherapia ya watoto, na huko kuinuka sakafuni kwa kujikweza na mikono mapajani, wanavyofanya watoto wenye ugonjwa huu, nakuona kila wiki.

Msuli una seli zake za ukarabati, setilaiti, alizozieleza Alexander Mauro mwaka 1961. Zimelala kandokando ya uzi wa msuli; uzi ukichanika, zinaamka, zinagawanyika na kuuziba. Mwanao anazo, ila zimebeba kasoro ileile ya jeni ya distrofini, protini inayoimarisha uzi wa msuli, hivyo uzi mpya nao unachanika. Ndiyo maana miaka ya 1990 madaktari walijaribu kuwachoma watoto seli za baba au kaka zao. Nyingi zilikufa ndani ya siku chache, na zilizobaki hazikusogea mbali na tundu la sindano. Na misuli imejaa mwili mzima, utachoma wapi uache wapi?

Palipotia moyo ni Ufaransa, kwa ugonjwa mwingine unaolegeza koo: wagonjwa 12 walipandikizwa seli zao wenyewe, baadhi wakameza vizuri zaidi. Lakini hapo ni msuli mdogo, sehemu moja.

Kiwanja usiuze. Majaribio ya kweli kwa kawaida hayamtozi mgonjwa. Steroidi alizoandikiwa usizikatishe ghafla, na moyo wake upimwe kila mwaka hata kama halalamiki.