Nimeendesha kurasa za watu kwa malipo, haya ndiyo niliyoyaona

Mkuu, umeuliza kwa nini dada yako anafuta picha ikikosa laiki, na kama ni ulimbukeni wa vijana tu. Nimewahi kulipwa kuendesha kurasa za watu mtandaoni, na nakuhakikishia vijana wanasingiziwa. Wateja wangu wasumbufu kuliko wote walikuwa watu wazima wenye vyeo na biashara zao.

Yupo mmoja, picha ikipanda tu, simu yangu inaita: "Mbona haziongezeki?" Zikisuasua, picha inashushwa, inarudishwa kesho yake usiku watu wakiwa wamejilaza na simu zao. Iliyompa laiki nyingi ni ile aliyokumbatiana na mkewe. Sasa mimi nilikuwa na picha zote za siku ile. Kwenye zilizobaki mama wa watu amenuna, mume anamwelekeza mkono auweke wapi. Komenti zikajaa "ndoa ya mfano".

Wafuasi wa kununua nao utawajua tu. Ukurasa una wafuasi laki kadhaa, komenti za kuhesabu, nyingi emoji za moto. Mfungue mmojawapo: hana picha, jina ni herufi na tarakimu zisizoeleweka, anafuata maelfu ya watu, yeye hafuatwi. Marekani imebidi serikali iingilie kati: mwaka 2024 tume yao ya biashara, FTC, ilipitisha kanuni inayopiga marufuku kuuza au kununua wafuasi feki kwa ajili ya biashara.

Wengi humu mnalaumu tamaa ya sifa. Mimi naona kinachowashika ni hesabu. Kitufe cha laiki kilikuja Facebook mwaka 2009, na tangu hapo kupendwa kwako kuna namba ambayo jirani, ex wako na bosi wako wote wanaiona. Instagram ilianza kujaribu kuificha mwaka 2019, ikianzia Kanada, na mwaka 2021 ikamwachia kila mtu achague mwenyewe. Niliwashauri wateja wangu waizime, wote wakagoma! Anayetoa tangazo anatazama namba kwanza, kazi yenyewe baadaye, kwa hiyo kwao ni mkate. (Kiki zile mnazozishangaa, za kuachana na kurudiana, nyingi zinapangwa tangazo likiwa njiani.)

Dada yako halipwi na mtu, ndiyo maana kwake ni rahisi zaidi. Usimnyang'anye simu wala kumsema mbele za watu, atafungua akaunti nyingine usiyoijua. Mwambie ajaribu kuficha laiki kwenye picha moja tu. Instagram inaruhusu kabla hujaipandisha, kwenye mipangilio ya ziada. Yeye ataendelea kuziona, wengine hawatazihesabu. Akiiacha picha isimame, ujue alichokuwa anakiogopa ni macho ya watu. Akiifuta na hiyo, kaa naye muongee, maana kuna jambo jingine ambalo simu haihusiki nalo.