Maswali na Majibu: Kamera Mpya, Wanamitindo na Jua la Lamu

Maswali mengi ya safari hii yametoka kwa watu waliokwisha kununua vifaa na ndipo wakaanza kuuliza. Nimechagua yale yenye faida kwa wengi. Waliouliza bei za kamera wawaulize wauzaji.

Swali (msomaji wa Shela): Nimenunua kamera mpya isiyo na kioo cha ndani (mirrorless), ya megapikseli 45. Nilimpiga mwanamitindo picha ufukweni saa saba mchana, na macho yake yametoka kama mashimo meusi. Je, nibadilishe lenzi?

Jibu: Lenzi haina kosa. Lamu iko nyuzi mbili na kidogo kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri halikai mbali na utosi mwezi wowote wa mwaka, na katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba hupita juu ya vichwa vyetu kabisa. Nuru ya namna hiyo huangaza paji la uso na ncha ya pua, kisha nyusi huyatia macho kivuli, na megapikseli 45 zitakionyesha kivuli hicho kwa ufasaha kuliko kamera yako ya zamani. Piga kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi alasiri. Wala usifuate mafunzo ya Ulaya yanayosifu nuru ya dhahabu inayodumu jioni nzima, kwani huko jua huzama kwa mshazari, ilhali hapa hushuka karibu wima, nyuzi 15 hivi kwa saa, na tangu linapoanza kugeuka manjano hadi linapozama una nusu saa au zaidi kidogo tu. Mwanamitindo awe amekwisha kuvaa, kupambwa na kusimama mahali pake kabla ya wakati huo. Wanaofika Shela saa kumi na moja na nusu ndipo wafungue mikoba hurudi na picha za giza, na lawama wakamtupia mpambaji.

Swali (dada wa Langoni): Nampiga picha binti mwenye ngozi nyeusi mbele ya ukuta uliopakwa chokaa. Ukuta unatoka vizuri, lakini uso wake unakuwa giza, ingawa kamera ni mpya na nimeiacha ijipangie yenyewe.

Jibu: Hili ndilo swali bora kati ya yote. Kamera inapopima nuru huchukulia kwamba kilicho mbele yake kina wastani wa kijivu. Ikiona ukuta mweupe umejaa fremu, hudhani nuru imezidi, ikaipunguza, na anayeadhibiwa ni binti. Mvike buibui jeusi na umjaze fremu nzima, nayo itafanya kinyume chake: itaongeza nuru mpaka buibui ligeuke kijivu na uso uungue. Kamera za sasa hutambua nyuso na husaidia kiasi, lakini usizikabidhi hukumu. Pima nuru kwenye shavu lake, au ongeza hatua moja ya nuru (stop, yaani nuru maradufu) juu ya ile kamera iliyopendekeza, kisha tazama grafu ya nuru (histogram) badala ya kuamini skrini ya nyuma, ambayo juani humdanganya kila mtu. Acha ukuta uwe mweupe kupita kiasi kama ni lazima, kwa kuwa mteja hanunui ukuta. Tabia hii ya kuisahau ngozi yetu ni ya zamani: kwa miaka mingi katika karne ya 20 maabara zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zenye sura ya mwanamke mzungu, na athari yake iliingia hata katika macho ya wahariri.

Ukuta huohuo, hata hivyo, ndio rifleta (kirudisha nuru) kubwa kuliko yoyote utakayouziwa. Katika vichochoro vya mji, jua likiupiga ukuta wa upande mmoja, upande wa pili hupata nuru laini iliyorudishwa na chokaa. Msimamishe mwanamitindo kivulini, uso wake ukielekea ukuta unaowaka, na macho yake yatapata uhai bila flashi hata saa sita mchana. Daka, ukumbi wa mlangoni wa nyumba ya mawe, hufanya kazi hiyohiyo: akikaa barazani karibu na ukingo, nuru ya kichochoro humfikia usoni na nyuma yake hubaki kiza cha kupendeza. Akirudi ndani hatua mbili, nuru hupungua haraka, kwa hiyo mwambie asogee, usikimbilie kupandisha ISO (wepesi wa kamera kuhisi nuru). Jihadhari na ukuta uliopakwa rangi ya kijani au buluu, kwani rangi hiyo itakaa kwenye mashavu yake, na hakuna programu itakayoiondoa bila kuharibu kingine.

Swali (wasomaji wengi mno): Naomba setingi.

Jibu: Nimelijibu mara nyingi, na wanaolirudia hawasemi wako juani, kivulini au chumbani. Juani, anza na f/4 (upana wa tundu la lenzi; namba ndogo, tundu pana), shata 1/1600 ya sekunde na ISO 100. Katika kivuli cha wazi, f/4, 1/200 na ISO 100. Baada ya hapo tumia macho.

Swali (msomaji wa Malindi): Je, lenzi ya f/1.2 itanipa picha bora kuliko yangu ya f/1.8?

Jibu: Itakupa jicho moja kali, sikio lenye ukungu na deni.

Swali (kijana wa Lamu mjini): Nataka kumpiga mwanamitindo sokoni, watu wakipita nyuma yake. Je, ni lazima niwaombe ruhusa wote?

Jibu: Yeyote anayetambulika sura, muombe, na mama aliyejifunika buibui akigeuza uso, huko kugeuka ndilo jibu lake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inaihesabu picha ya mtu kuwa taarifa yake binafsi. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data alikitoza kilabu kimoja cha Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja bila idhini, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto. Hukuuliza, lakini nitasema: andikiana mkataba na mwanamitindo mwenyewe pia, ueleze picha zitatumika wapi na atalipwa kiasi gani, na kama hajatimiza miaka 18 mzazi awepo na atie saini. Wapo wanaowaahidi mabinti umaarufu badala ya malipo, kisha picha zikaonekana kwenye matangazo ya hoteli. Huo ni wizi. Vazi la kuogea nalo ni la ufukweni, na halipitishwi mbele ya msikiti watu wakitoka kusali.

Swali: Na droni?

Jibu: Si bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, uwanja wa ndege wa Manda uko ng'ambo tu ya maji.

Swali (msomaji wa Shela, mwingine): Tutapiga picha jahazini na kwenye vilima vya mchanga wakati wa kusi. Nailindaje kamera mpya?

Jibu: Usibadilishe lenzi vilimani wala jahazini, kwa sababu kamera nyingi zisizo na kioo cha ndani huacha sensa (kipande kinachopokea nuru) wazi na upepo wa kusi hauchagui pa kutupa mchanga. Chukua miili miwili ya kamera, kila mmoja na lenzi yake, au chagua lenzi moja uridhike nayo. Ukirudi, puliza mchanga kwanza, ndipo ufute chumvi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Ukianza kwa kufuta, utakwaruza kioo cha lenzi. Kama umelala chumba chenye kiyoyozi, iache kamera ndani ya mkoba uliofungwa mpaka ipate joto la nje, la sivyo itafunikwa na umande na nusu saa ya nuru uliyoiamkia itapita ukingoja lenzi ikauke. Chumvi ikikusumbua hata hivyo, tazama kwanza mahali betri inapokaa.