Vifaranga kuchelewa hadi siku ya 23: angalia joto kwanza

Dada wa Njoro, unasema mayai 30 yametoa vifaranga 9 tu, tena siku ya 23, na mashine yako ya kuangulia ni ya balbu, haina feni. Mayai ya kuku huanguliwa siku 21. Kuchelewa hivyo mara nyingi ni joto kuwa chini. Lingezidi, wangetoka mapema.

Ile nyuzi 37.5 za Selsiasi unayoifuata ni ya mashine yenye feni. Bila feni hewa moto hukaa juu, kwa hivyo lenga kati ya nyuzi 38.3 na 38.9, kipimajoto kikiwa usawa wa mgongo wa yai. Changu nilikining'iniza karibu na balbu: kikasoma vizuri kabisa, huku mayai yanapoa chini yake! Kijaribu pia. Chovya ncha yake kwenye maji vuguvugu pamoja na kile cha kupimia homa, ulinganishe.

Baridi ya usiku huko Njoro unaijua, basi mashine isikae karibu na dirisha. Stima ikipotea, funika kwa blanketi na usifungue kuchungulia. Ikirudi, litoe mara moja. Yai huvumilia zaidi kupoa kidogo kuliko kuchemka.