Bwana Betri

Juzi kijana mmoja kaniandikia: "Kaka, nimepata Canon PowerShot ya mtumba, inatumia betri mbili za AA. Ninunue za kuchaji au za kawaida? Za kuchaji bei imesimama." Nilicheka, kisha ikaniuma. Mimi swali hilo sikumuuliza mtu.

Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa ilikuwa sendofu Mbagala, na kamera kama hiyohiyo. Jioni nikapita duka la Mangi nikachukua betri nne za bei ya chini, zile za redio, nikajiona nimejipanga. Jozi ya kwanza ilikufa bibi harusi bado anaingia ukumbini. Ya pili ikakata roho kabla ya kulisha wazazi keki. MC anaita, "Mpiga picha, sogea!" Nami niko nyuma ya spika, nazisugua betri kwenye suruali. Shangazi mtu akamalizia kwa simu yake. Hela iliyobaki sikuidai. Tangu siku hiyo ananiita Bwana Betri, mbele za watu.

Cha ajabu, betri zilezile "zilizokufa" nilizitia kwenye saa ya ukutani, ikatembea miezi. Saa inakunywa umeme kwa kijiko. Kamera inagida, hasa flashi inapojijaza. Betri ya kutupa imeandikwa volti 1.5, lakini ikikamuliwa hivyo inashuka ghafla na kamera inajizima. Ya kuchaji, ile aina inayoitwa NiMH, imeandikwa 1.2. Muuza duka atakwambia ni dhaifu. Mwache. Hiyo 1.2 inaishikilia karibu mpaka mwisho.

Kwa hiyo nunua za kuchaji, mdogo wangu. Nunua nne, si mbili. Chukua zile zisizopoteza chaji kabatini, kama Eneloop, zipo sokoni tangu 2005. NiMH za kizamani ukizisahau wiki chache unakuta zimeshuka. (Na hilo lilinikuta, kwenye kipaimara. Silisimulii.) Ukikuta AA ya kuchaji imeandikwa mAh 4500 (mAh ni kipimo cha chaji inayobeba), irudishe mezani, huo ni uongo, za kweli nyingi ni kama 2000 na hazivuki sana 2700. Usichanganye nzee na mpya. Chaji usiku wa kuamkia kazi. Za kutupa weka jozi moja ya dharura, ila iwe alikalaini, zile zilizoandikwa "Alkaline", si za redio.

Tatizo letu tunapenda kuonekana. Tutakopa tununue lenzi, tutashona fulana yenye jina la studio ambayo haipo, lakini chaja tunaona gharama. Nasema nanyi, na nasema na mimi wa siku zile. Chaji betri zako!

Mwezi uliopita shangazi yule kaniita nimpigie picha za ubarikio wa mjukuu wake. Hata salamu hatujamaliza, kanyoosha mkono: "Bwana Betri, umekuja na ngapi?" Nikafungua begi nikamhesabia. Nane, zote zimejaa. Akaguna, akanipa soda.